Mausi Niliyoichemsha

Tu, tu, tu, tu, tu. Mara tano, kidole kimoja, kitufe kimoja. Halafu kompyuta inajibu kwa mlio mdogo unaopanda juu, twiii, kama ndege aliyeona kitu kizuri akamwita mwenzake. Mlio huo naukumbuka kuliko kengele ya shule niliyosoma.

Juzi ulinikuta kazini. Nina meza yangu ya kuchapa barua na kutoa kopi pale Bilele mjini, kwenye kibanda cha mabati ambacho mimi kichwani mwangu nimeshakijengea ghorofa mbili na kibao cha chuo cha kompyuta. Mzee mmoja mstaafu alikuwa amekaa kiti cha mteja, ananisubiri nitafute karatasi, na kidole chake kilikuwa kinachezea kibodi yangu bila yeye kujua. Kikaangukia Shift. Tu, tu, tu, tu, tu. Twiii! Mzee wa watu akaruka.

"Mama, nimeharibu?"

"Hujaharibu kitu, baba. Umewasha."

"Nimewasha nini?"

Nilitaka kumjibu. Nikajikuta nacheka huku machozi yananitoka, na yeye akasogeza kiti chake mbali na meza kabisa.

Kwa hiyo naandika. Ninyi wa rika langu, mliolelewa na mashangazi na mabibi kwa sababu wazazi walikuwa wameisha, hamtahitaji nieleze sana.

Nilizaliwa Ngenge, kule Muleba. Baba alitangulia, mama akafuata kabla sijajua kusoma vizuri. Kitu ninachokikumbuka zaidi baada ya kumzika mama si kilio. Ni sufuria kubwa la bibi lililokaa mekoni kutwa nzima. Ndani yake bibi alikuwa ameweka kikombe cha mama, sahani yake na kijiko chake. Maji yalichemka, yakapungua, akaongeza mengine, yakachemka tena. Hatukuruhusiwa kugusa. Jioni akavitoa, akavianika kwenye majani ya mgomba, kisha akanimiminia uji kwenye kikombe kilekile, akasema, "Sasa kunywa, kaisiki, binti yangu. Kimekuwa cha watu wote." Nilikunywa. Nikaelewa jambo moja na kuliweka kichwani kama sheria: kitu kikichemshwa, hakuna tena wa kukatazwa kukishika.

Shangazi Kokugonza, dada yake baba, ndiye aliyekuja kunichukua. Alikuwa anakaa chumba na sebule Bilele, hana mtoto, na alikuwa mpiga chapa. Watu walimheshimu kwa sababu ya hadithi moja ya wakati wa vita na Uganda. Mabomu yalipoanza kusikika mjini na watu wakakimbilia vijijini, wenzake walibeba magodoro na kuku. Yeye, msichana mdogo tu aliyeajiriwa juzijuzi, alijitwisha taipureta ya ofisi kichwani, imefungwa kwenye kitenge, akaenda nayo mpaka Muleba, kwingine kwa miguu, kwingine kwa kudandia lori. Walipomuuliza ana akili gani, alijibu, "Vita ikiisha watu watataka barua." Na kweli ilipoisha walizitaka.

Mwaka niliohamia kwake alikuwa ametoka kuugua mkanda wa jeshi. Ulimpiga begani, upande wa kulia, ukashuka na mkono mpaka kwenye kiganja. Vidonda vilikauka vikaacha makovu meusi, kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya moto. Lakini mkono wenyewe haukurudi. Ulitetemeka, na vidole havikujua moto wala baridi. Akawa anauficha ndani ya kanga na kufanya kila kitu kwa mkono wa kushoto. Na miaka ile, mtu akipata mkanda wa jeshi, majirani hawakuhitaji kuambiwa lingine. Walimpa pole usoni, kisha wakamsindikiza kwa macho mgongoni.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua nilichokiona.

Shangazi alifanya kazi kwenye ofisi ndogo ya mradi wa watoto yatima, Miembeni. Ilikuwa vyumba viwili vilivyokuwa zamani duka la kitambaa, mali ya Mzee Kanji. Yeye mwenyewe alikuwa na duka mlango wa pili, anauza balbu na betri na kutengeneza redio. Ndugu zake Wahindi wengi walikuwa wameshahama, yeye akabaki, na Kihaya alikiongea kutushinda sisi watoto. Shule zikifungwa nilikuwa nashinda pale ofisini. Nafagia, napika chai kwenye jiko la mkaa nyuma, natumwa huku na huku.

Kompyuta ilipokuja, ilikuja na mambo yake. Ilikuwa na kioo kama televisheni, kibodi, na kile kidude chenye mkia mrefu ambacho wote waliita mausi. Adventina, dada mmoja mchangamfu aliyekuwa anapokea wageni, alipelekwa Mwanza wiki mbili kuisomea, akarudi anatembea kwa madaha. Alikuwa anaiviringisha ile mausi juu ya meza, na kwenye kioo mshale mdogo unamfuata kama kifaranga. Nilimwonea wivu mpaka nikakosa usingizi.

Shangazi hakuigusa. Hata mara moja. Alikuwa anakaa mbele ya kompyuta na mausi iko pale pale, karibu na kiwiko chake, na yeye anaipita kama haipo.

Nikaanza kuangalia mambo mengine. Niliona kwamba wageni wakiingia, Adventina wanamshika mkono, bosi wanamshika mkono, lakini Shangazi wanasalimiana naye kwa mdomo tu. Niliona vikombe vya ofisi vinakaa pamoja kwenye sinia, lakini cha Shangazi, kikombe kikubwa cha bati chenye ukingo wa buluu, kinaning'inia peke yake msumarini. Tena kila asubuhi Adventina alichukua pamba na spiriti, akaipindua mausi, akaisugua tumboni kwa uangalifu, uso ameukunja.

Nikajumlisha. Wamemkataza, nikasema moyoni. Wanaogopa.

Kisha nikasikia maneno yenyewe. Nilikuwa nje chini ya dirisha nachambua mchele, na Bwana Rwegasira, mkuu wa ofisi, alikuwa anaongea na Shangazi kwa sauti ya upole ile ambayo watu wazima wanaitumia wakiwa na jambo baya.

"Mama Kokugonza, mimi nakuheshimu sana. Lakini mambo ni ya kisasa sasa. Mpaka mwisho wa mwezi, asiyeweza kutumia mausi itabidi apumzike."

"Nikapumzikie wapi, waitu?"

"Nyumbani."

"Nyumbani nina mtoto anasoma. Nikipumzika mimi, naye ataipumzisha shule."

"Basi jifunze mausi. Ni kitu kidogo tu, hata mtoto anaweza."

Nilisubiri Shangazi amwambie, si mmenikataza wenyewe? Hakusema. Niliona ni uonevu mkubwa: umnyime mtu kitu, halafu umfukuze kwa kuwa hakitumii. Mchele ule niliuchambua mpaka nikatupa mzima nikabakiza chuya.

Shangazi alikuwa na mpango wake. Kompyuta ilikuja na kitabu kinene cha Kiingereza, na ofisi nzima ilikiona kinafaa kwa kazi moja: kunyanyulia kioo. Siku hiyo alikichomoa, akatia mahali pake tofali lililofungwa gazeti, akakibeba nyumbani. Jumapili baada ya ibada akakaa nacho barazani, kamusi pembeni, akawa ananakili kwenye daftari kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na mvua. Kitabu kilikuwa kinasema kwamba karibu kila jambo linalofanywa kwa mausi linaweza kufanywa kwa vitufe. Yeye alikuwa anaviita njia za panya, zile anazopita mtu asiyetaka kuonekana barabarani.

Jioni nikimenya ndizi, maana yeye kumenya hakuweza tena, alikuwa ananiuliza kama mwalimu wa kipaimara.

"Kuhifadhi?"

"Ctrl na S."

"Kuchapa karatasini?"

"Ctrl na P."

"Kufungua ile orodha ya juu?"

"Alt na F, halafu unashuka kwa mishale."

"Kurudisha ulichokosea?"

"Ctrl na Z."

"Hiyo ishike sana," alisema. "Kwenye taipureta haikuwepo. Nilikuwa nakosea herufi moja, nararua karatasi nzima."

Lakini kulikuwa na tatizo. Njia nyingi zilitaka vitufe viwili vishikwe pamoja, na vingine viko mbali mbali. Mkono mmoja haukufika. Alijaribu kuegesha kiwiko, akajaribu hata kidevu, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kisha siku moja akafika ukurasa fulani, akapiga kelele kwa Kihaya kana kwamba senene wameingia nyumbani.

"Mawe! Asimwe, njoo! Inasubiri! Hii mashine inasubiri!"

Kumbe ukibonyeza Shift mara tano mfululizo, kompyuta inabadilika tabia. Huhitaji tena kushika viwili kwa pamoja. Unabonyeza Ctrl, unaiachia, inalia kidogo kukuonyesha imesikia. Unapumua. Unajikuna ukitaka. Unabonyeza S. Inahifadhi. Kesho yake alijaribu ofisini, nami niko begani kwake, na hapo ndipo nilipousikia ule mlio kwa mara ya kwanza. Shangazi alicheka kama msichana.

Mimi nilifurahi, lakini nusu. Kwa akili yangu, vitufe vile vilikuwa kama sahani ya pembeni, ile anayotengewa mtu asile na wenzake. Hata iwe nzuri namna gani, ni ya pembeni. Na bosi alikuwa amesema mausi. Hakusema vitufe.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi tulikuwa sisi wawili tu ofisini. Shangazi akaenda kwa Mzee Kanji kuulizia diski, na nilijua wakikutana hawa wawili watazungumzia redio na bei ya kahawa mpaka jua lipinde. Nikaitazama ile mausi. Nikalikumbuka sufuria la bibi.

Nikaichomoa nyuma ya kompyuta. Sufuria lililokuwepo ni la chai, limeshaoshwa, ingawa majani machache yalikuwa yameng'ang'ania pembeni. Nilipoipindua mausi, kifuniko cha tumboni kikazunguka, na mpira mdogo mzito ukaniangukia kiganjani. Sikuwa najua kama ina kitu ndani. Nikautia nao majini kama yai. Nikachochea mkaa, nikaangalia saa ya ukutani, nikaongeza maji yalipopungua, kama bibi alivyofanya. Mkia nilikuwa nimeuzungusha kwenye mpini wa sufuria usiungue. Nilipoona imetosha, nikaitoa kwa kijiko, nikaifuta kwa kitenge changu, nikaianika dirishani, nikaurudisha mpira tumboni, nikaichomeka ilipokuwa. Ilikuwa imepinda kidogo sana. Nikapiga magoti chini ya meza nikamwambia Mungu, asante, sasa imekuwa ya watu wote.

Shangazi aliporudi alinusa hewa. "Nini kinaungua?"

"Mkaa mbaya, Shangazi."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Meli ilikuwa inaondoka jioni kwenda Mwanza, na orodha ya watoto wote wa mradi ilipaswa kuwa ndani yake. Isipofika, watoto wale wangekaa mwaka mzima bila sare wala madaftari. Majina mengi yalishaingizwa, lakini asubuhi ile likaletwa rejista la mwisho kutoka Muleba, na yote yalipaswa kupangwa upya kijiji kwa kijiji, kisha yachapwe. Bwana Rwegasira alimweka Adventina kwenye kiti. Shangazi akaambiwa akae pembeni, aangalie wenzake wanavyofanya.

Adventina akashika mausi. Akaisukuma. Mshale ukabaki palepale kwenye kona.

"Haiendi."

"Itikise," bosi akasema.

"Nimeitikisa."

"Ipulize chini."

Akaipindua, akapuliza, akasita. "Bosi, inanuka chai."

"Nani ameimwagia chai?"

"Si mimi! Mimi siku zote nainywea kule!"

Bosi akatuma aitwe Mzee Kanji. Adventina akawa anabonyeza mausi kwa nguvu kama anaua kunguni, jasho linamtoka. Saa ya ukutani ilikuwa inaenda. Mausi nyingine ilikuwa Mwanza, na ingekuja na meli hiyohiyo ikirudi.

Shangazi akasimama. "Adventina mwanangu, niachie kiti."

"Ma Koku, mausi imekufa."

"Sijaulizia mausi."

Akakaa. Akauweka mkono wa kulia mapajani, akaufunika kanga. Tu, tu, tu, tu, tu. Twiii. Bwana Rwegasira akashtuka.

"Nini hicho?"

"Nimeiambia inisubiri," Shangazi akasema. "Asimwe, njoo unifungulie kurasa."

Sikuwahi kumwona mtu anafanya kazi vile, na sijamwona tena. Mkono mmoja, haukimbii, hausimami. Alt, pumzi, herufi. Mshale chini, chini, Enter. Orodha zikafunguka na kufungwa. Majina yakajipanga yenyewe kama watoto mstarini. Mimi nilishika rejista na kusoma kwa sauti, ukurasa baada ya ukurasa, naye anaandika. Tulipofika Ngenge nilisoma, "Asimwe, darasa la tatu, baba hayupo, mama hayupo, anaishi na shangazi." Kidole changu kikakwama juu ya jina. Sikuwa najua kwamba na mimi nimo. Shangazi akaliandika jina langu kwa mwendo uleule, akasema, "Endelea, anayefuata." Nikaendelea.

Wakati printa inaanza kukwaruza, Mzee Kanji alikuwa mlangoni na bisibisi yake. Akaifungua mausi juu ya meza ya wageni. Maji yakadondoka. Akachokonoa kitu kwa ncha ya kidole, akakiinua kwenye mwanga.

"Hili jani la chai," akasema. "Hii haikumwagiwa. Hii imepikwa."

"Imepikwa?"

"Imechemka, Rwegasira. Angalia ilivyopinda. Mimi nimetengeneza redio zilizoanguka ziwani, redio zilizoliwa na mchwa. Iliyopikwa sijawahi."

Bosi akageuka, akamtazama Adventina. Ndiye aliyekuwa anaitunza. Adventina akaanza kulia hapohapo, "Jamani mimi siyo, mimi nitafukuzwa bure," na nikajua kwamba nikinyamaza, ndivyo itakavyokuwa. Nikajua pia kwamba nikisema, Shangazi ndiye atakayeondoka, na mimi naye, tutarudi Ngenge wote wawili. Nilisimama katikati ya chumba. Kwa hofu, salamu ikatangulia.

"Shikamoo Bwana Rwegasira. Ni mimi niliichemsha."

"Wewe? Ili iwe nini?"

"Ili na Shangazi aruhusiwe kuishika. Kama bibi alivyochemsha kikombe cha mama."

Printa peke yake ndiyo iliyoendelea kuongea. Bwana Rwegasira akavua miwani, akaivaa, akaivua tena. Mzee Kanji akaweka bisibisi chini taratibu. Shangazi akazungusha kiti.

"Asimwe. Nani alinikataza kuishika?"

Nikayatoa yote. Kwamba hawampi mkono. Kwamba kikombe chake kina msumari wake. Kwamba Adventina anaisugua mausi kwa spiriti kila asubuhi.

"Mawe!" Adventina akasema katikati ya kilio. "Ile ni vumbi! Inashika vumbi tumboni, tulifundishwa Mwanza tuisafishe!"

Shangazi akautoa mkono wa kulia ndani ya kanga, mbele ya watu wote, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akauweka mezani. Ukatetemeka pale kama samaki aliyetolewa majini.

"Huu ndio ulionikataza," akasema. "Haushiki kitu kidogo hivyo. Na wa kushoto ndio unaoandika, nikiutoa kwenye herufi kila saa kushika mausi, nitamaliza lini? Kikombe nimekileta mwenyewe, sikio lake linaingia vidole vinne, vile vya sinia vinanidondoka. Na kuhusu salamu, mtu mzima nitampaje mkono wa kushoto? Hata wewe ungenidharau. Ndiyo maana nasalimia kwa mdomo."

Nikaona aibu kama nimevua nguo. Lakini Adventina akafuta macho, akasema kwa sauti ndogo, "Ma Koku, mtoto hakukosea yote. Kile kikombe... mimi nilishukuru kwamba ni chako peke yako. Nisamehe."

"Najua," Shangazi akasema. "Niliona. Zitoe karatasi, zimejaa."

Zilikuwa zimejaa kweli, zinaanguka chini. Bwana Rwegasira ndiye aliyeinama kuziokota. Alizipanga, akasoma ya juu, akasoma ya katikati, akaenda mpaka ya mwisho. Kijiji kwa kijiji, hakuna jina lililokaa vibaya. Kisha mzee yule, ambaye ni rika la baba zetu na kanisani anakaa viti vya mbele, akazihamishia karatasi mkono wa kulia, akamnyooshea Shangazi wa kushoto.

Hakuna aliyecheka. Shangazi aliutazama ule mkono, akawa kama anataka kukataa kwa ajili ya adabu. Kisha akaupokea kwa wake wa kushoto, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa.

"Mausi mpya ikija, atakaa nayo Adventina," bosi akasema. "Wewe kaa na kibodi yako. Na hayo uliyoyafanya, mfundishe na yeye. Siku nyingine huyu mtoto anaweza akapika printa."

Mzee Kanji alicheka mpaka akashika mlango. Orodha iliondoka na meli. Adhabu yangu ilikuwa kusugua sufuria lile kwa majivu wiki nzima, na kila siku kuonja chai ya kwanza mbele ya wote, maana ilinuka plastiki na hakuna aliyetaka kutangulia.

Shangazi alikaa kwenye kiti kile misimu mitatu ya senene. Mausi mpya ilipokuja, nusu ya siku ilikuwa inashinda imefunikwa kitambaa, kwa sababu na Adventina alikuwa ameshazoea njia za panya. Kisha kikohozi kikaja, na kupungua, na yale mengine mnayoyajua. Tulimzika Muleba, kwenye kibanja cha babu, kando ya baba.

Baada ya matanga nilitumwa ofisini kuchukua vitu vyake: mto wa kiti, daftari, kikombe. Adventina alinipokea, akanikumbatia, kisha akanionyesha kompyuta kwa kidole bila kuisogelea.

"Bado iko vilevile alivyoiacha," akasema. "Kila nikigusa Ctrl inalia. Bosi anasema tuizime, wageni wanauliza. Najua namna ya kuizima, alinifundisha mwenyewe. Ila siwezi, Asimwe. Wewe ndiye mtoto wake."

Akatoka, akaenda nyuma kwenye jiko.

Nikakaa kwenye kiti. Miguu yangu ilikuwa sasa inafika chini. Nikabonyeza Ctrl, ikalia kidogo, ikasubiri. Niliiacha isubiri kwa muda. Kisha nikaweka kidole cha mkono wa kushoto juu ya Shift, kama yeye. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Safari hii mlio ulishuka, taratibu, mpaka chini.

Nikasimama, nikatungua kikombe msumarini.